Kambi za Februari: Hotuba kwa Wazazi na Vijana, Glendale, Arizona

Shikamooni wazee wangu. Mama zangu, poleni na kazi za wiki nzima. Ndugu zangu mliotoka Bukavu, Uvira, Bujumbura, Kigoma, Mombasa na kwingineko, hamjambo. Na ninyi vijana mliokaa kule nyuma karibu na mlango, sogeeni mbele, maana mengi ya leo yanawahusu ninyi kuliko sisi.

Nimeombwa nizungumzie jambo ambalo kila mwaka ikifika Februari linajaza barabara zetu magari, linajaza hoteli za mji huu, linaleta wageni kutoka Chicago hadi Japani, na wengi wetu tunalipita tu tukiwahi zamu. Nazungumzia kambi za timu za besboli za kulipwa, na mechi za kirafiki zinazochezwa hapa hadi mwisho wa Machi. Mimi nimefanya kazi za msimu katika kimoja cha viwanja hivi, getini na kwenye majukwaa, kwa hiyo nitakayosema mengine nimeyaona na mengine nimeyasoma kwa sababu niliyoyaona yalinifanya nitake kujua zaidi.

Neno langu ni hili. Watu watawaambia kwamba mechi za Februari na Machi hazina maana kwa kuwa hazina pointi. Matokeo yake hayaingii kwenye msimamo wa ligi, na zikiisha sare hakuna anayelalamika. Mimi nasema kwa mtu anayetafuta nafasi ya kazi, hizo ndizo mechi zenyewe. Na ukifuatilia historia yake utakuta mambo makubwa kabisa ya mchezo huu yaliamuliwa kwenye kambi, katika mechi zilizoitwa za kirafiki.

Kambi sisi tunaijua. Simba na Yanga wakienda Uturuki au Misri kujifua kabla ya ligi, nyumbani watu hufuatilia kila picha inayotoka: nani amenenepa, nani hakupanda ndege, yule mgeni anaitwaje. Hapa mambo ni hayo hayo, isipokuwa nchi nzima inahamia sehemu mbili. Timu za ligi kuu ni 30. Nusu yake, 15, zinaweka kambi Florida, na 15 zinakuja hapa Arizona. Na hizi zetu zote zimejipanga katika viwanja 10 vilivyo ndani ya Phoenix na miji inayoizunguka, kuanzia Surprise na Goodyear huku magharibi hadi Mesa upande wa mashariki. Hapa Glendale, Camelback Ranch, tunazo mbili: Dodgers wa Los Angeles na White Sox wa Chicago.

Sababu ya kwanza ya kuja huku ni hali ya hewa. Katikati ya Februari kule Chicago na Cleveland ardhi imeganda, na hapa watu wanatembea na fulana. Ila timu kwenda kusini kutafuta jua ni desturi ya zamani sana. Mwaka 1886 timu ya Chicago ya enzi hizo, White Stockings, ilikwenda Hot Springs, Arkansas, kwenye chemchemi za maji ya moto, wachezaji watoe jasho na kupunguza vitambi vya majira ya baridi. Florida ikafuata, kisha mwaka 1947 Cleveland wakaja Tucson na New York Giants wakaja Phoenix. Kambi za Arizona zikaanza hivyo.

Sasa mtu atauliza: mbona kambi inachukua wiki 6? Mcheza mpira wa miguu ukimkimbiza wiki 3 au 4 yuko tayari. Jibu liko kwenye mkono wa mrushaji. Katika besboli mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka kwa mpigaji mwenye gongo, anaurusha mpira kwa mwendo ambao siku hizi mara nyingi unapita kilomita 150 kwa saa. Mwili wa binadamu haukuumbwa kwa kazi hiyo. Kiko kiungo kidogo ndani ya kiwiko, kama uzi mnene unaoshikilia mifupa, na kikikatika mrushaji anakaa nje mwaka mzima au zaidi. Hadi mwaka 1974 kilipokatika ndiyo ilikuwa mwisho wa kazi. Mwaka huo daktari wa Dodgers, Frank Jobe, alichukua mshipa kutoka mkono wa pili wa mrushaji Tommy John akaupandikiza kwenye kiwiko. John alirudi uwanjani mwaka 1976, na upasuaji ule mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

Kwa hiyo warushaji na wadakaji, yaani wale wanaochuchumaa nyuma ya mpigaji kuupokea mpira, ndio wanaoripoti kwanza, katikati ya Februari, na wenzao wanafuata siku chache baadaye. Mrushaji anaanza kwa kurusha kwa mdakaji tu, hakuna mpigaji. Kisha anawarushia wapigaji wa timu yake mwenyewe. Mechi zikianza, anaingia kwa awamu moja, yaani kipande cha mechi ambacho kila timu inapata zamu yake ya kupiga, basi, anakwenda kuwekewa barafu begani. Siku chache baadaye awamu mbili, halafu tatu, hadi mwisho wa Machi afikishe tano au sita. Ukimwona staa ametolewa mapema usidhani amevurunda. Anapandishwa ngazi kwa ngazi, na kocha ana karatasi yenye idadi ya mirusho aliyoruhusiwa siku hiyo.

Na hapo ndipo ninapotaka vijana mnisikilize vizuri. Mechi ina awamu 9. Awamu za mwanzo unawaona wenye majina, wale wa kwenye mabango. Ikifika ya tano au ya sita, mastaa wanavua viatu, wanaondoka na magari yao, na watazamaji wengi wanaanza kukunja viti. Sasa tazama migongo ya wanaoingia. Namba 76, namba 84, namba 91. Wengine jezi haina hata jina mgongoni, namba tupu. Hao ni vijana walioitwa kutoka ligi za chini kujaza nafasi siku ile, au wale walioalikwa kambini bila kuwa kwenye orodha rasmi ya watu 40. Nimesimama kwenye ngazi za jukwaa awamu ya nane, jua limeshaanza kulala, nikamwona mmoja wa namba hizo anakimbilia mpira uliokuwa unatoka nje, mpira ambao timu ingeupoteza isingepungukiwa na kitu. Akajitupa ukutani, akaudaka, akainuka na vumbi jekundu limemtapakaa mpaka shingoni. Uwanja ulikuwa umebaki na watu wachache, na makofi yalikuwa machache vile vile. Lakini kwenye viti vya nyuma ya mdakaji walikuwepo wanaume wawili wenye madaftari, na wote wawili waliinama wakaandika.

Kambini wanaingia wachezaji 60 na zaidi. Msimu ukianza, wanaobaki na timu kubwa ni 26. Kila siku chache Machi jina linaondoka. Mtu anafika asubuhi, anaguswa bega, anaambiwa kocha mkuu anakuita ofisini, na anajua. Wengi wanarudishwa ligi za chini wakaendelee kupambana. Wengine wanaachwa kabisa. Hakuna pointi kwenye mechi zile, lakini kuna mkate wa watu.

Na mkate wenyewe ulikuwa na kasoro kubwa, tuiseme. Wachezaji wa ligi kuu mshahara wao unalipwa msimu unapoanza. Kambini wanapewa posho. Kwao si shida. Ila vijana wa ligi za chini kwa miaka mingi walifanya mazoezi ya kambi bila mshahara kabisa. Wanaamka alfajiri, wanashinda juani wiki nzima, wanafuata amri za mwajiri, na mwisho wa wiki hakuna hundi. Mwaka 2014 baadhi yao, jina la kwanza kwenye kesi likiwa Aaron Senne, walikwenda mahakamani. Wakili aliyewasimamia, Garrett Broshuis, alikuwa mrushaji wa ligi hizo hizo kabla hajasoma sheria. Kesi ikachukua miaka 8. Mwaka 2022 ligi ikakubali kulipa dola milioni 185 kuimaliza, na mwaka 2023 wachezaji wa ligi za chini wakapata mkataba wa kwanza wa chama cha wafanyakazi. Wa daraja la juu kabisa la ligi hizo mshahara wao wa chini kwa mwaka ulipanda kutoka dola 17,500 hadi 35,800, na sasa kazi ya kambini inalipwa. Ninyi mnaofanya kazi kwenye maghala na viwanda vya kuku mnaelewa maana yake kuliko waandishi wengi wa michezo.

Kuhusu migomo niseme kidogo tu. Mwaka 1995 wachezaji wa ligi kuu walikuwa wamegoma tangu Agosti ya mwaka uliotangulia, na wenye timu wakafungua kambi kwa kuleta watu wengine wa kuziba pengo. Michael Jordan, ambaye vijana mnamjua kwa viatu, alikuwa ameacha mpira wa kikapu na kujaribu besboli na White Sox, kambi yao ikiwa Sarasota, Florida. Alipoona atatumika kuvunja mgomo wa wenzake, akafungasha. Machi hiyo hiyo akarudi kwenye kikapu na Chicago Bulls. Mgomo uliisha mwanzoni mwa Aprili, baada ya jaji wa New York kutoa amri dhidi ya wenye timu. Jaji huyo ni Sonia Sotomayor, ambaye leo yuko Mahakama Kuu ya nchi hii.

Wazee wangu, sasa niingie kwenye habari ambayo hasa ndiyo iliyonisukuma nikubali kusimama hapa. Watoto wetu shuleni wanafundishwa kila mwaka kuhusu Jackie Robinson, Mmarekani mweusi aliyevunja ubaguzi katika ligi kuu tarehe 15 Aprili 1947. Wanafundishwa siku ile. Hawaambiwi kwamba vita yenyewe ilianza mwaka mmoja kabla, kambini.

Mwishoni mwa Februari 1946, Robinson na mkewe Rachel, maharusi wa wiki chache, walipanda ndege Los Angeles kwenda Florida kuripoti kambini. Alikuwa amesajiliwa na Montreal Royals, timu ya chini ya Brooklyn Dodgers. New Orleans wakateremshwa kwenye ndege, viti vyao wakapewa wengine. Walipofanikiwa kuendelea, wakateremshwa tena Pensacola. Wakamalizia safari kwa basi hadi Jacksonville, na kwenye basi wakaambiwa waende viti vya nyuma. Mtu huyo alikuwa ofisa wa jeshi aliyemaliza utumishi wake, mwanamichezo mashuhuri wa chuo kikuu, anakwenda kuanza kazi.

Kambi ilianzia mji wa Sanford. Alipokewa nyumbani kwa familia ya watu weusi kwa sababu hoteli ya timu haikumtaka. Siku chache hazijapita, ujumbe ukaja kwamba wakazi weupe wa mji wanataka aondoke, na wakiona amebaki watakuja wenyewe. Akaondolewa usiku huo huo kwenda Daytona Beach. Daytona kulikuwa na jamii ya watu weusi iliyojipanga, na mwalimu Mary McLeod Bethune alikuwa amejenga chuo pale, sauti yake ikasikika mpaka kwa wakubwa wa mji. Familia ya mji huo ikampokea yeye na mkewe. Tarehe 17 Machi 1946, katika uwanja wa kisiwani Daytona, Robinson akacheza dhidi ya Brooklyn, mechi ya kirafiki. Leo uwanja ule unaitwa kwa jina lake.

Lakini tazameni miji mingine ilivyofanya. Jacksonville, timu ilifika ikakuta geti la uwanja limefungwa kwa kufuli. DeLand, mechi ya mchana ikafutwa kwa maelezo kwamba taa za uwanja ni mbovu. Mechi ya mchana! Na waliporudi Sanford mwezi Aprili, Robinson alikuwa ameshacheza awamu za mwanzo na kufunga pointi, mkuu wa polisi akaingia uwanjani akaamuru aondolewe. Akaondolewa.

Mimi nawauliza ndugu zangu: kama mechi zile hazikuwa na maana, kufuli ilikuwa ya nini? Waliofunga yale mageti walijua vizuri kwamba watu wa mji wakishamwona mtu huyu akicheza na wenzake weupe mchana kweupe, na mechi ikaisha salama, hakuna tena wa kuwaambia haiwezekani. Ndiyo maana walitaka isionekane hata kwenye mechi ya majaribio.

Kulikuwa na mweusi mwingine kambini mwaka ule ambaye hatajwi, nami nataka atajwe leo: John Wright, mrushaji. Alipitia yale yale, akalala kwenye nyumba za kuazima kama mwenzake, akabeba mzigo ule ule. Hakufika ligi kuu. Historia imempa mstari mmoja, naye alistahili ukurasa.

Mwaka uliofuata Dodgers walipeleka kambi Havana, Cuba, kukwepa Florida. Hata huko Robinson na wenzake weusi walipangiwa hoteli yao peke yao. Mwaka 1948 timu ikafungua kambi mpya Vero Beach, Florida, kwenye kambi ya zamani ya jeshi la majini, ambako wachezaji wote waliweza kulala na kula ndani ya uzio mmoja. Nje ya uzio, sheria za mji zilikuwa zile zile.

Na tusijipe sifa sisi wa Arizona. Larry Doby, mweusi wa pili katika ligi kuu za zama hizo na wa kwanza upande wa American League, moja ya nusu mbili za ligi kuu, alikuja kambini Tucson na Cleveland mwaka 1948. Wenzake wakaingia hoteli ya Santa Rita. Yeye akakataliwa, akalala kwa familia ya watu weusi wa mji. Mchana alikuwa mchezaji mwenzao, jioni anatafutiwa pa kulala. Mlioishi Nyarugusu au Kakuma mnajua kukaa mahali ambapo unaruhusiwa kuwepo lakini hupewi mlango.

Hali hiyo iliendelea miaka mingi kuliko watu wanavyodhani. Mwaka 1961, Robinson ameshastaafu, St. Petersburg, Florida, wachezaji weusi walikuwa bado wanapelekwa kwenye nyumba za watu binafsi. Daktari mmoja wa mji, Ralph Wimbish, ambaye kwa miaka alikuwa akiwatafutia makazi, akatangaza kwamba basi, hatafuti tena. Timu ziseme na hoteli zao. Alikataa wema wake usitumike kuficha aibu ya wengine. Mwaka huo huo Bill White wa St. Louis Cardinals akasema wazi mbele ya waandishi kwamba wafanyabiashara wa mji wamewaalika wachezaji kifungua kinywa na kuwaacha weusi. Kelele zikawa kubwa, na baadaye Cardinals wakapata moteli ambamo wote walikaa pamoja na familia zao. Bill White yule yule, mwaka 1989, akawa rais wa National League, ile nusu nyingine ya ligi kuu.

Nimekaa sana hapo na siombi radhi. Niende haraka kwenye mengine.

Wapo wanaosema mtu akivurunda kambini ameisha. Si kweli, na mfano tunaye jirani. Mapema mwaka 2018 Shohei Ohtani alikuja kutoka Japani, akaweka kambi na Angels pale Tempe. Anarusha na anapiga, jambo ambalo karibu hakuna aliyelifanya kwa miongo. Kambini alipata mapigo safi 4 katika majaribio 32. Alipokuwa akirusha, wapinzani walimfunga kwa kiwango cha pointi 27 kwa kila awamu 9. Wataalamu wakaandika kwamba aanzie ligi ya chini. Mwishoni mwa kambi akabadilisha kitu kimoja: alikuwa akinyanyua mguu wa mbele juu kabla ya kupiga, akaacha, akawa anagusa ardhi kidogo tu kwa ncha ya kiatu ili awahi mpira. Mwaka ule akawa mchezaji bora chipukizi wa American League. Sasa ni mchezaji wa Dodgers, kambi yake ni hapa kwetu Glendale, na wale waandishi wa Kijapani mnaowaona wakijaa hotelini wanamfuata yeye. Kambi ilimpa mahali pa kukosea akiwa na muda wa kurekebisha.

Ligi yenyewe inafanya hivyo hivyo na sheria zake. Mwaka 2023 ilileta saa ya kumbana mrushaji na mpigaji: sekunde 15 besi, yaani vituo ambavyo mpigaji hukimbilia, zikiwa tupu, 20 kukiwa na mtu kwenye besi, na mpigaji awe tayari zikiwa zimebaki 8. Tarehe 25 Februari, North Port, Florida, Braves na Red Sox wako 6 kwa 6, awamu ya tisa, wawili wameshatolewa, besi zote tatu zina watu, mpigaji Cal Conley ana boli 3 (mirusho iliyokosa shabaha; ya nne humpa besi ya kwanza bure) na straiki 2 (zinazohesabiwa dhidi yake; ya tatu humtoa). Mrusho mmoja zaidi unaamua. Mwamuzi akasimamisha mchezo: mpigaji hakuwa tayari kwa wakati, hiyo ni straiki ya tatu, na mtu wa tatu ametolewa. Kijana akadhani amepewa boli ya nne na ushindi, akaanza kutembea kwenda besi ya kwanza. Mechi imekwisha, sare. Watu walizomea, lakini kufikia siku ya kwanza ya ligi kila mchezaji alikuwa ameshajifunza kuitazama ile saa. Wastani wa mechi ukashuka kutoka saa 3 na dakika 4 hadi saa 2 na dakika 40. Vivyo hivyo kambi za 2025 zilijaribu kamera za kukagua uamuzi wa mwamuzi. Mchezaji asiporidhika anajigonga kichwani kwa mkono, na picha inaonyeshwa uwanja mzima. Septemba mwaka huo ikapitishwa kutumika kwenye ligi kuanzia 2026.

Vijana mtaniuliza: kuna Mwafrika amewahi kupenya? Yupo. Gift Ngoepe wa Afrika Kusini. Mama yake alikuwa mfanyakazi wa klabu ya besboli ya Randburg, Johannesburg, nao wakiishi kwenye chumba ndani ya jengo la klabu. Mtoto akakulia kiwanjani. Pittsburgh Pirates walimsajili mwaka 2008, na kambi yao iko Bradenton, Florida. Hesabu mwenyewe: alipanda ligi kuu tarehe 26 Aprili 2017, wa kwanza aliyezaliwa Afrika. Mara yake ya kwanza kushika gongo, mbele ya Jon Lester wa Chicago Cubs, alipata pigo safi. Kati ya 2008 na siku ile kuna kambi baada ya kambi ambazo alirudishwa chini, na mama yake alifariki kabla hajaiona siku yenyewe. Na majirani zetu wa Uganda hawako mbali. Timu ya watoto wa Lugazi ilikuwa ya kwanza kutoka Afrika kucheza fainali za dunia za Little League, Pennsylvania, mwaka 2012, baada ya wenzao kunyimwa viza mwaka uliotangulia. Mwaka 2022 Dodgers walisajili Waganda wawili, Ben Serunkuma na Umar Male.

Wazazi, kabla sijashuka, jambo la fedha. Vingi vya viwanja hivi vimejengwa kwa pesa za umma. Mwaka 2000 wapiga kura wa kaunti yetu walikubali kodi ya hoteli na magari ya kukodi kwa ajili ya viwanja, na mji wa Glendale ulikopa zaidi ya dola milioni 100 kujenga Camelback Ranch, iliyofunguliwa 2009. Deni kama hilo linalipwa na wakazi. Kwa hiyo msiingie pale kama wageni waalikwa. Na Machi 12 mwaka 2020, kambi zilipofungwa ghafla kwa sababu ya korona, wafanyakazi wa msimu ndio waliorudi nyumbani bila zamu, huku deni la mji likiendelea. Mikutano ya baraza la mji iko wazi, na wakalimani wanaombwa mapema. Tuwe tunakwenda.

Sasa ya utekelezaji. Kazi za msimu, yaani getini, maegesho, jikoni, usafi na kukagua tiketi, hutangazwa miezi kadhaa kabla ya Februari, kwa hiyo anayesubiri mpaka aone magari barabarani amechelewa. Soma mkataba kabla ya kusaini: zamu ngapi, nani analipa sare ya kazi, mechi ikiahirishwa inakuwaje. Kijana ambaye Kiingereza chake bado kinampa shida asijinyime. Kuna kazi pale za mikono na tabasamu, na wageni wengine wenyewe wanakuja na Kijapani na Kihispania.

Wa kutazama, nunueni tiketi za kukaa kwenye nyasi nyuma ya uwanja. Ndizo nafuu kuliko zote, na watoto wanakimbia wanavyotaka. Bebeni kofia na maji, mkague kwanza kinachoruhusiwa kuingia. Asubuhi, kwa saa zinazotangazwa, viwanja vya pembeni hufunguliwa mtu akaone mazoezi kwa karibu, na mtoto anaweza kusainiwa mpira na mchezaji anayelipwa mamilioni. Na mkishaingia kwenye mechi, msitoke awamu ya sita. Kaeni hadi ya tisa, muwapigie makofi wale wa namba kubwa mgongoni, kwa nguvu, wasikie. Wapo ambao wiki hiyo hiyo wataitwa ofisini.

Anayetaka kwenda pamoja nasi Jumamosi aandike jina kwa dada aliye pale mlangoni, na aandike ana watoto wangapi, ili tupange magari. Maswali nayapokea, kwa Kiswahili, Kirundi hata Kifaransa, nitajitahidi. Asanteni sana kwa kunisikiliza.